Mbao za Asilimia Tisa

Saa tatu na dakika arobaini asubuhi, siku ya Jumanne, nilifungua mlango wa tanuri la kukaushia mbao katika karakana ya chuo kikuu, nikatoa kipande nilichokuwa nimekitia alama ya kalamu nyekundu, nikakiweka kwenye mizani. Nilikuwa nimekipima kila siku kwa siku thelathini na tatu. Nilipiga hesabu mara mbili kwa kichwa na mara ya tatu kwa kikokotoo. Unyevu ulikuwa asilimia tisa. Niliandika ile saa kwenye daftari kwa sababu nilidhani kuna siku nitataka kuikumbuka.

Ninaikumbuka, lakini si kwa namna niliyotarajia.

Mbao zilizokuwa ndani ya tanuri hazikuwa za chuo. Zilikuwa za dada yangu mkubwa, na zilikuwa zinakwenda ufuko wa Dunga, kando ya ziwa, kuwa boti. Nilipata ruhusa ya kuzikausha kwa sababu niliziandikisha kama mradi wangu wa mwaka wa pili. Kozi yenyewe ni ya vifaa vya ujenzi na teknolojia ya mbao. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na saba, na wanafunzi wenzangu, ambao wengi wangeweza kuwa watoto wangu, waliniita Mzee bila kunidharau. Asubuhi hiyo walikusanyika mlangoni mwa tanuri.

"Mzee, hiyo boti ikielea tunataka samaki wa darasa lote," mmoja alisema.

"Na isipoelea?"

"Tutakuja kula wewe."

Nilicheka nao. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyengoja kwa muda mrefu.

Kabla ya chuo nilikuwa karani wa stoo katika duka la hadiwea, la vifaa vya ujenzi, mjini Kisumu kwa miaka ishirini na moja. Mwenye duka, aliyetoka mkoa wa Kati na kuhamia kwetu akiwa kijana, hakujali nilichofanya na mabaki ya mbao mradi vitabu vya stoo vilikuwa sawa. Nilianza kuyabeba nyumbani. Niliyapima kwa mizani ya dada yangu ya samaki, nikayakausha ndani ya debe la mafuta juu ya jiko, nikayapima tena, nikaandika tofauti. Nilijaza madaftari kumi na manne kwa njia hiyo. Mwalimu wangu alikuwa kitabu kimoja cha mtumba nilichokinunua kwa mtu aliyetandaza vitabu kando ya barabara. Hakikuwa na jalada wala kurasa ishirini za mwanzo. Nilikisoma hadi nikakijua kwa moyo. Kilifundisha kwamba mbao ibaki na asilimia kumi na mbili ya unyevu au chini ya hapo, na kwamba mbao ikikauka huongezeka nguvu. Sikuwahi kujiuliza kurasa zile ishirini zilisema nini.

Dada yangu alinilea baada ya wazazi wetu kufariki. Alifiwa na mumewe akiwa bado na watoto watatu shuleni, akaanza kununua ngege, samaki wa ziwani, pale Dunga na kuwakaanga mtaani Nyalenda, kando ya kibanda cha maji ambapo watu hupanga foleni na mitungi yao. Ana wateja wengi kwa sababu hatumii mafuta ya jana. Shida yake haikuwa wateja. Shida ilikuwa kule ufukoni, kwenye kuwapata samaki. Asubuhi boti zikija, wanawake husimama majini hadi magotini, na mvuvi ndiye anayechagua nani wa kumuuzia. Samaki wanapopungua, wako wavuvi wanaotaka malipo mengine juu ya pesa. Dada yangu alikataa malipo hayo miaka yote, na kwa hiyo zilikuwapo siku nyingi alizorudi Nyalenda na beseni tupu.

Mwanamke mwenye boti yake hachaguliwi na mtu. Yeye ndiye huajiri wavuvi, na samaki wakifika ni wake. Hilo ndilo alilokuwa akiliwekea akiba kwa miaka sita. Aliuza na ng'ombe aliyekuwa nyumbani. Aliponiambia kiasi kimetimia, hakuniomba pesa. Aliniomba nimchagulie mbao.

"Wewe ndiye umesoma mbao," alisema. "Mimi najua samaki tu."

Tulikwenda Awasi, ambako mbao hushuka kutoka upande wa Kericho, tukanunua mkaratusi, ambao watu wetu wanauita blugamu. Mvule ungekuwa bora lakini bei yake haikugusika. Mbao zilikuwa mbichi, nzito, bado zina harufu ya dawa ya kifua. Fundi wa boti pale Dunga, mwanamume mnene wa miaka thelathini na mitano hivi ambaye huzungumza huku akifanya kazi, alituambia tuzilete kwake azipange kivulini juu ya vijiti, azifunike kwa mafunjo, na angoje.

"Utangoja mpaka lini?" nilimuuliza.

"Mpaka mdomo uniambie."

Nilidhani ananitania. Akachukua msumari, akaupigilia kwenye ubao mmoja wa zamani uliokuwa pale, akauchomoa kwa koleo, akauweka kwenye mdomo wake wa chini kama mtu anayeonja chumvi. Alieleza kwamba msumari ukitoka na maji, mbao bado. Ukitoka mkavu na joto, mbao imepita. Unatakiwa utoke baridi, lakini usiache maji mdomoni. Hapo ndipo boti hujengwa. Mafundi wa pale wote hufanya hivyo, na yeye alifundishwa na fundi aliyemlea kazini.

Mimi, mtu wa madaftari kumi na manne, nilimwangalia yule mtu akiwa na msumari mdomoni nikaona haya kwa niaba yake. Nilimwambia kwamba chuoni tuna tanuri, tuna mizani inayosoma sehemu ya mia ya gramu, na kwamba kwa muda ule ule atakaongoja kivulini mimi nitamletea mbao kavu za uhakika.

"Sawa, *japuonj*," alisema. Hilo ni neno letu la mwalimu, naye tangu siku hiyo hakuniita kwa lingine.

Jumatano, siku moja baada ya ile saa tatu na dakika arobaini, lori liliziteremsha mbao Dunga. Fundi aliinua moja kwa mkono mmoja, akaigonga kwa kifundo cha kidole. Ikalia kama bakuli.

"Japuonj, hizi ulizikausha ama ulizikaanga?"

Watu waliokuwa wakitengeneza nyavu walicheka. Akapigilia msumari, akauchomoa, akauweka mdomoni. Akautoa haraka na kupangusa mdomo.

"Hii ina kiu," alisema, safari hii bila mzaha. "Ikiona ziwa itakunywa mpaka ivimbe. Nipe siku tano nizilaze majini kwanza, zinywe kidogo, halafu nizitoe zipumzike."

"Siku thelathini na tatu nimetoa maji, wewe unataka uyarudishe?"

"Si yote. Kidogo."

"Mbao kavu ina nguvu kuliko mbao mbichi. Hilo limepimwa."

"Limepimwa wapi? Kwa maji?"

Nilipaza sauti. Nilimtajia namba. Nilitaja mzigo ambao ubao mkavu hubeba kabla ya kuvunjika na ule ambao ubao mbichi hubeba. Alinisikiliza akiwa ameshika nyundo, kisha akamgeukia dada yangu, kwa sababu boti ilikuwa yake.

"Mama, wewe ndiye utasema."

Dada yangu alituangalia wote wawili. Sijawahi kuona mtu akiniamini namna ile.

"Ndugu yangu amesoma," alisema. "Jenga."

Fundi akajenga. Alikuwa na wasaidizi wawili na alifanya kazi kwa kasi na kwa usafi. Mkuku, ule uti wa mgongo wa boti, alikuwa ameshauchonga na mbavu alikuwa amezisimamisha tayari kutokana na mti wake mwenyewe, kwa hiyo zilizobaki zilikuwa mbao za ubavuni, tano kila upande. Alizibana vizuri, akajaza pamba kwenye maungio na kuyafunika kwa vipande vyembamba vya bati. Ilichukua wiki mbili na siku moja. Siku ya kushusha boti majini ilipangwa kuwa Jumamosi.

Alhamisi ya wiki hiyo, saa nane mchana, tulikuwa na somo la unyevu wa mbao na mazingira. Mhadhiri wetu ni mwanamke mwenye umri mdogo kuliko wangu, anayeandika ubaoni polepole na anayependa kuuliza swali kabla ya kutoa jibu. Alichora jedwali. Samani za ndani, asilimia kumi hadi kumi na mbili. Milango ya nje, juu kidogo. Kisha akaandika boti, na mbele yake akaandika kumi na sita hadi ishirini.

"Kwa nini boti isikaushwe hadi kumi?" aliuliza.

Mwenzangu mmoja alinigeukia akitabasamu, akitegemea Mzee atajibu.

Akaeleza mwenyewe. Mbao ikiingia majini hunywa hadi ishibe. Kila asilimia moja inayoinywa huipanua kidogo kwa upana. Fundi wa boti anataka mbao ipanuke kiasi cha kubana maungio, basi. Ikiwa kavu mno, itapanuka kupita nafasi iliyopo, na kwa kuwa haina pa kwenda, itasukuma misumari itoke au itavunja mbavu.

Nilipiga hesabu pembeni mwa daftari. Mbao za milimita mia mbili ishirini na tano. Kutoka tisa hadi ishirini na tano, ambapo mbao hushiba. Nilipata karibu milimita kumi na moja kwa kila ubao. Mbao tano kila upande, milimita hamsini na nne. Zaidi ya inchi mbili ambazo hazikuwa na nafasi. Nilitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa na nusu.

Baada ya somo nilikwenda maktaba. Kwa utaratibu wangu, nilitaka kuhakikisha kabla ya kusema. Nilitafuta kwa kulinganisha michoro, na nikakipata kitabu changu, kile kile, kikiwa kizima. Kina jalada la kijani. Nilisoma zile kurasa ishirini nikiwa nimesimama. Mwandishi anaeleza tangu ukurasa wa kwanza kwamba kitabu kinahusu samani na kazi za ndani ya nyumba, na kwamba anayetaka kujenga kitu cha kukaa majini atafute kwingine.

Nilikuwa na Alhamisi jioni, Ijumaa nzima, na asubuhi ya Jumamosi. Boti ilikuwa bado nchi kavu. Ingewezekana kung'oa mbao mbili kila upande, kuziloweka na kuzipunguza kwa randa. Fundi angelijua la kufanya kuliko mimi. Ilihitajika simu moja tu.

Nimejaribu mara nyingi kuandika kwa usahihi kwa nini sikuipiga Alhamisi. Ripoti ya mradi nilikuwa nimeshaikabidhi, na ndani yake niliandika kwamba mbao hizi zinafaa kwa boti. Hiyo ni sababu moja lakini ni ndogo. Nyingine ni kwamba nilijiambia labda mkaratusi wa Kericho una tabia yake, labda rangi itazuia maji, labda hesabu ya darasani haifuatwi na ziwa. Mtu aliyeishi kwa namba alianza ghafla kutilia shaka namba. Lakini kubwa zaidi, na hili sikuliandika popote kwa miezi, ni kwamba niliona uso wa fundi na ule msumari mdomoni. Ningelazimika kumwambia mbele ya watu kwamba mdomo wake ulijua.

Ijumaa jioni nilimpigia dada yangu. Nilikuwa nimeamua kusema.

"Ee, niambie," alijibu. Nilisikia mafuta yakichemka. "Niko na moto hapa."

"Ni kuhusu kesho."

"Kesho saa mbili. Usichelewe, na usije na lile koti lako la stoo. Kuna nini?"

Nilifunga daftari lenye ile hesabu.

"Nilitaka kuuliza mlipaka rangi gani."

"Buluu. Na mstari mweupe juu." Akacheka. "Unauliza kama mtu wa gazeti. Njoo uone mwenyewe."

Jumamosi nilikwenda bila koti la stoo. Kikundi cha wanawake kiliimba, mchungaji akaomba, na wanaume kumi na wawili wakaisukuma boti ikaingia. Ilikaa juu ya maji kwa usawa. Maungio hayakupitisha hata tone. Fundi aliingia ndani, akapapasa sakafu kila pembe, akatoka na mikono mikavu na kuninyooshea mmoja.

"Japuonj, leo umenishinda."

Nilimshika mkono. Nilimshukuru. Kati ya mambo yote, hilo ndilo linaloniamsha alfajiri: kwamba alinipongeza kwa haki, kwa kadiri alivyoona, nami nikapokea.

Kwa siku nne boti ilifanya kazi. Dada yangu aliacha kusimama majini. Alikaa juu ya beseni lililogeuzwa, akavuka mikono, akangoja boti yake ije. Alinipigia kunieleza hivyo tu, kwamba alikuwa amekaa. Siku ya tano wavuvi wake, wanaume wawili wazima waliovua tangu ujana, walimwambia kwamba boti inalia. Siku ya saba vichwa vya misumari vilikuwa vimezama ndani ya mbao na vingine vimetokeza. Fundi aliitwa, akakuta ubao wa tatu umetunga tumbo. Alisema itolewe majini. Dada yangu akasema basi wamalizie wiki, kwa sababu samaki walikuwa wengi. Aliniuliza mimi pia, kwa simu. Nilisema fundi yuko sawa, itolewe. Sikusema kwa nini, na bila sababu neno langu halikuwa na uzito.

Jumatatu, siku ya tisa, karibu saa tano asubuhi, wavuvi wakiwa wanarudi na ufuko unaonekana, ubavu mmoja kati ya mbavu za ndani ulivunjika kwa mlio ambao walisema ulikuwa kama mlango kupigwa na upepo. Ubao wa tatu ukaachana na misumari yake. Boti ikajaa. Boti nyingine, ya kubeba wageni wanaokwenda kutazama viboko, ilikuwa karibu, ikawaokota wote wawili. Nyavu zilizama. Injini ya mtumba ilitolewa kesho yake ikiwa imejaa maji na matope. Sikuweza kuwauliza wale wavuvi kama wanajua kuogelea vizuri. Baadaye nilisikia mmoja hajui.

Nilipofika Dunga alasiri, hukumu ilikuwa imekwisha kutolewa, na aliyehukumiwa hakuwa mimi.

"Misumari ya bei ya chini," mtu mmoja alisema.

"Pamba alijaza kama anajaza mto," mwingine akasema. "Mbao nzuri kabisa imeharibiwa na mkono mbaya."

Fundi alikuwa amesimama kando ya boti iliyoburutwa mchangani, akitazama mbavu zilizovunjika. "Nilijenga kwa mbao niliyopewa," alisema, mara moja tu, bila kuniangalia.

Dada yangu, ambaye sijamsikia akimtukana mtu maishani, alimwambia arudishe pesa za ufundi. Alirudisha elfu kumi na tano, zote alizokuwa nazo. Watu wawili waliokuwa wamemwagiza boti wakaenda kwa fundi mwingine. Nilikuwa hapo aliporudisha. Nilikuwa mita tatu kutoka kwake. Nilimshika dada yangu bega.

Nilikaa na hilo siku kumi na tatu. Darasani mhadhiri alinirudishia ripoti ikiwa na alama nzuri kwa utaratibu wa vipimo, na kwa wino wa kijani ameuliza mwishoni: je, kiwango hiki kinafaa matumizi haya? Nilifunika karatasi kwa kiganja ili mwenzangu asione.

Siku ya nane nilikwenda kwa fundi. Hakuwa na kazi. Alikuwa akinoa patasi ambazo hazikuhitaji kunolewa. Nilimwomba anichagulie vipande kumi na viwili kutoka mbao zake za kivulini, vile ambavyo mdomo unakubali.

"Unataka nini tena, japuonj?"

"Nataka kupima."

"Kupima mbao ama kupima mimi?"

Alipigilia na kuchomoa misumari kwa karibu saa nzima, akivikataa vipande vingi zaidi ya alivyovikubali. Alinipa kumi na viwili ndani ya gunia. Niliviweka kwenye tanuri dogo la maabara, nikavipima kabla na baada. Cha chini kabisa kilikuwa asilimia kumi na saba. Cha juu, ishirini na moja. Vyote kumi na viwili, kwa msumari na mdomo wa chini.

Nilidhani nitafarijika kwa kujua. Badala yake niliona kosa jingine, la zamani kuliko boti: kwamba hata kumwamini mtu aliyenionya waziwazi, nilihitaji kwanza mizani initolee ruhusa.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, nilikwenda Dunga na karatasi ya vipimo. Dada yangu alikuwa pale bandani ambapo samaki hupimwa, na fundi alikuwa amekaa nje na wengine. Nilimwita aingie. Nilieleza kila kitu kwa mfuatano. Nilisema tisa, nikasema kumi na sita hadi ishirini, nikasema milimita hamsini na nne. Nilisema fundi aliomba siku tano za kuloweka na mimi nilikataa. Nilisema somo lilikuwa Alhamisi.

Dada yangu alikuwa akikwangua magamba kwenye kisu kwa kidole. Aliacha.

"Alhamisi gani?"

"Ile kabla ya Jumamosi."

"Saa ngapi?"

"Saa tisa na nusu."

"Na Ijumaa ukanipigia."

"Ndiyo."

"Ukaniuliza rangi."

Nje, mwanamke mmoja alikuwa akibishana na mvuvi juu ya bei, na sauti yake ilisikika neno kwa neno.

Fundi aliichukua karatasi mkononi mwangu. Aliitazama juu hadi chini.

"Kwa hivyo mdomo wangu ni mashine," alisema.

Watu wawili waliokuwa mlangoni walicheka, lakini yeye hakucheka.

"Wale waliochukua kazi yao kwingine, unawajua. Nenda na mdomo wako huo huo uwaambie."

Nilikwenda siku hiyo hiyo. Mmoja alirudi kwake. Mwingine alikuwa ameshalipa mahali pengine. Dada yangu alimrudishia fundi elfu kumi na tano zake mbele yangu, akazihesabu mara mbili, akamwomba msamaha. Alimwita Baba, yeye aliye mdogo kwake kwa miaka mingi. Mimi hakuniita lolote.

Niliandika ripoti upya na kuipeleka kwa mhadhiri pamoja na maelezo ya ule msumari. Alisoma akiwa amekaa, akaniuliza jina la fundi ili liandikwe. Nilimpa. Alama zangu zilipungua, na ilikuwa haki. Kisha niliahirisha muhula mmoja na kuomba kurudi stoo kwa miezi minne. Mwenye duka alinipa kazi yangu ya zamani bila kuuliza. Kila mwisho wa mwezi ninapeleka Nyalenda mshahara wote ukiondoa kodi ya nyumba na unga. Dada anapokea, anaweka ndani ya kopo, na ananipakulia samaki kama zamani. Tunazungumza juu ya watoto.

Asubuhi anasimama tena majini na wengine, hadi magotini. Nimemwona. Ana nafasi yake ile ile, ya tatu kutoka kwenye mwamba, na anapochaguliwa mwingine hageuzi uso.

Wiki iliyopita aliniletea daftari la kikundi chao. Wanachama walitaka kujua hasara kamili, kwa sababu wanafikiria kumkopesha aanze tena, na fundi amekubali kujenga bila kulipwa kwanza. Nilianza kumweleza: mbao, usafiri kutoka Awasi, ufundi, misumari, pamba, bati na rangi, nyavu, kutengeneza injini, nikitoa mkuku na vipande vilivyouzwa. Aliinua mkono wenye unga wa kukaangia.

"Usinihesabie. Andika namba moja tu, ya mwisho. Na uiandike wewe, kwa mkono wako."

Nikaiandika, polepole, kwa tarakimu kisha kwa maneno, ili asije mtu akaisoma vibaya: shilingi laki moja, elfu sabini na sita na mia sita.